Matimba ya Mbogwe Kwenye Ghala la Barafu

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani. Nikikaa tu kibandani kwa Mama Rehema hapa Nyasubi, watu wananizunguka. Baba Neema, ni kweli kule jua halizami? Ni kweli umekula nyangumi mbichi? Ni kweli ulimharibia bibi wa watu chakula chake? Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli, na aliyelitangaza mtaani ni mke wangu mwenyewe. Basi naandika yote mara moja, anayetaka kujua asome, aniache nimalize chai yangu.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Maduhu, fundi wa matimba. Wachimbaji wakishachimba duara, yaani shimo la kufuatia dhahabu, mimi ndiye ninayepanga magogo ndani yake ili kuta zisiwaangukie watu. Hayo magogo ndiyo matimba. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili, Mbogwe, Nyarugusu, mpaka huku Kahama, na hajawahi kufukiwa mtu kwenye duara nililolipanga mimi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Au tuseme ukweli, nasema kwa majivuno kidogo.

Aliyenipeleka safari hiyo ni Marta, mhandisi wa udongo aliyewahi kukaa huku kwetu miaka miwili akifundisha wachimbaji wadogo mambo ya usalama. Kiswahili anakijua, ingawa anakisema kama mtu anayesoma tangazo. Alinipigia simu akaniambia kuna kijiji pwani ya kaskazini kabisa ya Alaska, ambako watu huhifadhi nyama kwenye mashimo waliyochimba babu zao. Ardhi ya kule imeganda tangu enzi na enzi, kwa hiyo nyama inakaa mwaka mzima bila kuoza. Sasa ardhi inayeyuka na mashimo yanabomoka. Limebaki moja tu lenye baridi ya kutosha, la bibi mmoja, na ukuta wake mmoja umeanza kuporomoka. Mashine za wahandisi haziwezi kuingia kwenye tundu la upana wa mlango. Ndipo akakumbuka matimba yangu. Akaniuliza kama naweza kwenda kulishika lile shimo.

Nikamjibu naweza. Sikuuliza hata swali moja, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kahama hadi Mwanza, kisha juu

Habari za viza na makaratasi naziruka, zinachosha. Mama Neema alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mfuko mzima, akasema siendi ugenini mikono mitupu. Basi likatuharibikia Tinde. Tukakaa juani saa tatu, dereva akilala chini ya gari na kondakta akituambia kila nusu saa kwamba imebaki kidogo.

Usiku huo nililala Kambarage, pale Shinyanga, kwa dada yangu, anakoishi mama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hasa nakwenda kufanya nini huko mwisho wa dunia. Nikamweleza.

"Kwa hiyo unakwenda kuzuia barafu isiyeyuke," alisema. "Nenda, ng'wanawane, mwanangu. Ukimaliza uje uzuie na jua la hapa."

Dada alicheka mpaka akamwaga mboga. Mama hakucheka sana. Misimu miwili mahindi yake yalikauka yakiwa yamefika magotini, na mvua ikaja baadaye kama inakuja kusalimia tu.

Nilipanda ndege nne kubwa. Ya kwanza ilinipeleka Dar, ya pili Addis Ababa, na baada ya hapo nilipoteza hesabu ya siku, sikujua kama ninachokula ni chakula cha asubuhi au cha jioni. Uwanja wa kuingilia Marekani, afisa mmoja alifungua mfuko wangu wa matobolwa, akayanusa, akamwita mwenzake, naye akayanusa. Nahisi walidhani ni dawa za mizizi. Kiingereza changu kikanikimbia, basi nikachukua kipande, nikakitafuna mbele yao, nikameza, nikafungua mdomo waone kimeisha. Yule wa pili alicheka akanifungia mfuko.

Ndege ya nne ilipita juu ya milima. Nilikuwa dirishani. Niliona mawingu meupe yamelala mabondeni, nikashangaa mbona hayasogei. Mzee aliyekaa jirani yangu akaniambia kwa ishara na maneno machache kwamba yale si mawingu, ni barafu, mto wa barafu unaoteremka mlimani polepole. Akanionyesha kwa kidole mahali ulipokuwa ukifika zamani za ujana wake, na ulipoishia sasa. Kati ya hapo na hapo palikuwa na bonde la mawe matupu, refu, la kijivu. Nilibaki nimegandisha paji la uso kwenye kioo mpaka shingo ikauma.

Siku tatu za ukungu

Marta alinipokea kwenye mji mdogo wa mwisho wenye uwanja wa ndege wa kueleweka. Kutoka hapo hadi kijijini hakuna barabara hata ya kubahatisha, ni ndege ndogo tu ya watu wachache. Na ndege ndogo hairuki kwenye ukungu. Tulikaa siku tatu. Kila asubuhi tunabeba mizigo, tunakwenda uwanjani, tunakaa, tunarudi nayo.

Ilikuwa mwezi wa saba, na jua halikuzama hata mara moja. Hilo ndilo mlilouliza, na jibu ni ndiyo. Linazunguka juu ya kichwa kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Siku ya kwanza nilikaa nikisubiri giza ili nilale, giza lisije, mpaka Marta akanihurumia akanipa kitambaa cha kufunga macho.

Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa Mfilipino, Dante, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Aliponiona nauangalia mkate kwa huzuni aliuliza kama tunakula wali kwetu. Kuanzia hapo nilikula wali na samaki mara mbili kwa siku, na kila mara alikuja kukaa mezani kwangu kuhakikisha nimemaliza. Anasema alipofika mji ule bahari ilikuwa inakaa na barafu mpaka kiangazi kimeanza. Siku hizi inaondoka mapema, maji yanabaki wazi, na ukungu unatoka baharini kila anapotaka kusafirisha mboga.

Dante ndiye aliyenifundisha kwamba watu wa kijiji ninakokwenda, ambao ni Wainupiati, hawapendi maneno mengi. Ukimuuliza mtu swali akainua nyusi, usidhani ameshangaa. Amesema ndiyo. Nilimshukuru sana kwa somo hilo. Nilikuja kugundua baadaye kwamba alinipa nusu yake.

Ghala la Aana

Kijiji kiko kwenye ulimi wa ardhi, bahari huku na huku. Hakuna mti. Sisemi miti michache, nasema hakuna hata mmoja, ni mbuga ya majani mafupi yenye madimbwi mpaka macho yanapochoka. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, na nyingine zimeinama kwa sababu ardhi chini ya nguzo moja imelegea na chini ya nyingine haijalegea. Mimi nilivaa makoti matatu. Watoto walikuwa wanacheza mpira na fulana.

Bibi mwenyewe anaitwa na kila mtu Aana, jina ambalo kwao maana yake ni bibi tu. Ni mdogo wa umbo, ana mikono mikubwa kuliko yangu. Nilimpigia shikamoo nikainama kama ninavyomwamkia mama yangu, Marta akamweleza maana yake. Alifikiri, kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili akanitikisa kidogo. Nikampa matobolwa. Alitafuna kipande kimoja taratibu sana, akauliza yanakaa muda gani bila kuharibika. Nikasema mpaka mavuno mengine. Aliuchukua mfuko akauweka chumbani kwake, si jikoni, na mwanawe Roy akaniambia nimeshapokelewa.

Roy ni nahodha wa mashua ya kuwindia nyangumi. Alinieleza jambo ambalo ndilo msingi wa habari hii yote, kwa hiyo shikeni vizuri. Nyangumi akipatikana si mali ya nahodha. Anagawiwa kijiji kizima, na sehemu kubwa inawekwa ghalani kwa ajili ya sikukuu za majira ya baridi, ambapo kila mtu anakula, mjane, mgonjwa, mgeni. Nikamuuliza, friji je? Wanazo. Lakini nyangumi mmoja anajaza friji za kijiji chote na anabaki, na nyama ikikaa humo inakauka na ladha inahama. Halafu kuna hili. Kila mwaka kabla ya kuwinda, Aana hushuka ghalani akalifagia mpaka liwe safi, kwa sababu wanaamini nyangumi hujitoa mwenyewe kwa watu waliomwandalia mahali pazuri pa kulala. Kama hakuna ghala, Aana atamwandalia nini? Wakati huo nyama ya nyangumi wa mwaka huu ilikuwa mle chini, chini ya ukuta unaoporomoka.

Mdomo wa ghala ulikuwa umefunikwa kwa kibanda cha mbao. Nilipokuwa bado naukagua, Aana alishika ngazi akateremka kama anaingia jikoni. Sikuwa na la kufanya, nikamfuata.

Ngazi ilikuwa ndefu, kama watu watatu wamesimama mabegani mwa wenzao. Nilipokanyaga chini niliwasha taa ya kichwani. Nimewahi kuona dhahabu kwenye jiwe jeupe, ile ya kuonekana kwa macho, ambayo wachimbaji wengine wanakufa bila kuiona. Wacha, hii iliipita. Dari lote lilikuwa limeota maua ya barafu, makubwa kama majani ya mkunde, mamia kwa mamia, kila moja likirudisha mwanga wa taa yangu. Tulipopumua yalitikisika na kulia sauti nyembamba. Kuta zilikuwa tabaka za udongo mweusi na barafu safi, na vipande vya nyama vimepangwa kwa adabu pembeni. Aana alinishika mkono akauweka ukutani. Ulikuwa mgumu kuliko mwamba wa Nyarugusu. Niliwaza, huu ni udongo na maji tu, hakuna saruji, kinachoushika ni baridi. Nilitaka kupiga magoti, sijui kwa nini.

Kisha akauhamisha mkono wangu hadi ukuta wa upande wa bahari. Mkono ukarudi umelowa.

Feni

Kesho yake Marta aliruka kwenda kuchukua vipimo vyake, Roy akaenda baharini na wenzake. Nilibaki mimi na Aana, bila lugha.

Sasa nisikilizeni ninyi wachimbaji, maana mtanielewa. Sisi tuna sheria moja ambayo haina mjadala: huzami kwenye duara kufanya kazi bila kupulizia hewa kwanza. Rafiki yangu Shija alizama Mbogwe asubuhi moja akiwa na haraka, akasema atapuliza akirudi. Tulimtoa kwa kamba. Tangu siku hiyo nimewafukuza kazi watu wazima kwa ajili ya sheria hiyo, na mkinikuta namfungia mtu mdomo wa duara mnajua ni kwa nini. Na mle ghalani, nilipokaa dakika kumi na Aana, kichwa kilikuwa kizito. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya zamani. Nikajua kabisa, hewa mbaya.

Kwenye masanduku ya Marta kulikuwa na feni ya kupulizia na bomba lake la plastiki, vilevile kama vyetu. Nikamwonyesha Aana. Nikajaza mashavu upepo, nikapuliza, nikaonyesha shimo, nikamuuliza kwa macho kama nifanye. Aana akakunja pua.

Nikafurahi. Niliona tumeelewana, anasema kunanuka. Nikakunja pua na mimi kumwonyesha kwamba nimekubali, akaniangalia kwa mshangao kidogo, kisha akaenda zake kwa dada yake upande wa pili wa kijiji kumsaidia kushona.

Niliwasha feni saa tatu asubuhi. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka safi, ukungu hakuna, watu wanapita mikono wazi. Nilipuliza saa nzima kabla ya kuzama, kisha nikashuka na kamba yangu ya kupimia huku feni ikiendelea juu. Hewa ilikuwa nzuri mno. Nilipima, nikachora, nikawa napiga mluzi. Ua moja la barafu likadondoka, nikadhani nimeligusa. Yakadondoka mengine. Nikasema moyoni, vumbi hili. Baada ya muda tone likaniangukia shingoni, kisha jingine, kisha dari lote likaanza kudondosha maua yake kwa mkupuo, sakafu ikawa nyeupe, na sauti ikawa kama mchele unamwagwa kwenye ungo. Nikasimama katikati sielewi. Bonge la tope likatoka ukuta wa upande wa bahari likaanguka karibu na mguu wangu.

Nilipanda ngazi ile kama kijana. Juu nikamkuta Aana amesimama. Alifuata waya wa feni kwa macho mpaka kwenye soketi, akaenda, akauchomoa. Kukawa kimya. Akarudi, akasimama mbele yangu, akakunja pua tena, safari hii polepole, huku akitikisa kichwa, kama unavyomfundisha mtoto. Ndipo nikaelewa. Kule kukunja pua ni hapana.

Yaani alinikataza. Nilimuuliza kwa heshima, akanikataza kwa heshima, na mimi nikapuliza joto la kiangazi saa tano nzima kwenye ghala la mwisho lenye baridi kijijini. Miaka ishirini na mbili sijafukia mtu. Nilikaa chini kwenye majani nikashika kichwa, nikatamani ile ndege ndogo ije inichukue saa ileile.

Mlango kwa mlango

Marta aliporudi alikuta ghala limefungwa, na mimi sijala. Jioni hiyo aliketi katikati yetu kutafsiri. Nilimwambia Aana habari ya Shija. Sikuisema kwa kujitetea, nilitaka tu ajue sikufanya kwa dharau. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza Shija aliacha watoto wangapi. Nikasema wawili. Kisha akatoa hukumu yake.

Nyama iliyokuwa karibu na ngazi imelainika, alisema, haiwezi kurudishwa kugandishwa. Italiwa kesho na kijiji kizima. "Aliyeleta upepo ndiye atakayeigawa."

Kesho yake nikapewa mkokoteni. Roy alinisindikiza. Kila mlango nilipaswa kusema kwa Kiingereza changu: mimi ndiye mtu niliyeleta upepo. Mlango wa kwanza nilisema nikiangalia mkokoteni. Mwanamke aliyefungua aliangalia nyama, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika nguzo, akaita watoto waje wanione. Mlango wa pili walikuwa wameshasikia. Mlango wa tatu mzee mmoja alinikaribisha ndani, akanikatia maktaki, ngozi nyeusi ya nyangumi na mafuta yake ya rangi ya waridi, baridi, mbichi, yenye chumvi kidogo. Nilitafuna muda mrefu sana. Ina ladha ya njugu na bahari, na mafuta yake yanashuka mpaka vidole vya miguu vinapata joto. Ndiyo, nimekula, na nikaongezewa.

Lakini yule mzee alipomaliza kucheka alinitoa nje akafunua kifuniko cha mbao. Ngazi iliingia kwenye maji meusi. Lile lilikuwa ghala lake, alilochimba baba yake. Nyumba iliyofuata nao wakanionyesha la kwao, limejaa mchanga. Mwingine la kwake dari limekaa chini kabisa, kitanda cha tope. Sikuwa nimewaomba. Walikuwa wananionyesha kama mnavyomwonyesha mgeni kaburi nyuma ya nyumba. Kuna mmoja alipokea nyama, akatazama kule liliko ghala lake, akaingia ndani bila kulifungua.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekichezea. Nililia nyuma ya kibanda cha mashua, na siwafichi.

Magogo yasiyo na mwenyewe

Kazi ikaanza upya, kwa sheria za Aana. Tunashuka saa za alfajiri, kunapokuwa na baridi zaidi, mtu mmoja mmoja, muda mfupi, na mdomo unafunikwa nyuma yetu. Marta alipima hewa kwa kifaa chake akanionyesha kwamba ni salama. Niliamini kifaa, lakini kila niliposhuka nilimtaja Shija kimoyomoyo.

Magogo tuliyapata wapi kusiko na mti? Baharini. Roy alinipeleka pwani kwa pikipiki ya magurudumu manne, na huko ufukweni nikakuta magogo mazima, meupe, yamelainishwa na maji, yamelala kwa mamia. Roy anasema yanatoka kwenye mito ya mbali, nchi zenye misitu, yanaelea miaka mpaka yanafika. Niliyagonga moja moja na shoka nikisikiliza. Mti ni mti, sauti yake naijua popote. Kwetu Shinyanga nimekulia mahali ambapo kukata mti kwenye ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, ya mzee wa mtu ni kesi, na hapa bahari inaleta mbao mpaka mlangoni bure.

Siku ya tatu ya kuokota magogo tulifika mahali ardhi inapokutana na bahari kwa ukuta mrefu. Ukuta ulikuwa umekatwa na mawimbi, na ndani yake, chini ya majani mabichi, mlikuwa na barafu ya bluu, nene kama kimo cha nyumba. Barafu ya miaka isiyohesabika, iko uchi, inatiririka maji juani. Nilikuwa nataka kuisogelea niiguse, Roy akanivuta koti. Tukasimama. Hakukuwa na upepo. Kipande cha nchi chenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa shule, na majani yake, na maua yake ya njano, kikainama taratibu kama mtu anayesinzia, kikaanguka baharini. Mlio wake uliingia kifuani. Maji yakawa kahawia, na baada ya muda mfupi yakarudi kama kawaida.

Nimeona maduara yakibomoka. Sijawahi kuona nchi yenyewe ikiondoka. Roy alisema babu yake alikuwa na nyumba mbele ya hapo, akaonyesha kwa kidevu kule kwenye maji.

Tulifanya kazi siku kumi na moja. Nilipanga matimba kwa mtindo wa Mbogwe, bila msumari, gogo linamkaba mwenzake na kabari inawakaba wote. Nilimfundisha Roy kugonga gogo na kusikiliza: likiwa limeanza kubeba mzigo sauti yake inakuwa nzito, na hapo unajua udongo umekubali. Alijifunza haraka, kwa kuwa amezoea kusikiliza barafu. Wiki ya pili maua madogo yalianza kuota tena kwenye dari, madogo kama punje za ulezi. Aana aliyaona, na siku hiyo alinipikia supu kwa mkono wake.

Siku ya mwisho chini

Siku moja kabla ya kuondoka, Aana alishuka kukagua. Roy, Marta na mimi tukamfuata, kinyume cha sheria yake mwenyewe. Alipita kwenye kila gogo, akaligonga kwa ngumi, akasikiliza. Yote yaliitika. Marta alisoma kipimo chake cha ukutani, akakisoma tena, hakutuangalia. Upande wa bahari joto lilikuwa bado linapanda, kidogo kidogo, kutoka chini.

Aana hakuhitaji kipimo. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Kisha akaniuliza mimi, akiwaruka mwanawe na mhandisi, Marta akatafsiri kwa sauti ya chini.

"Fundi, litashika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Magogo yalikuwa yamekaa vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na nilitaka sana kusema ndiyo baada ya ile aibu ya feni.

"Udongo utashika, Aana," nilisema. "Baridi siwezi kuishika."

Marta alichelewa kutafsiri. Alipomaliza, Aana aliendelea kuangalia ukuta. Nilidhani atalia, na kama angelia sijui ningejificha wapi mle ndani.

"Wengine wameyafunga ya kwao," alisema. "Mimi sitafunga. Baridi ikitaka kuondoka itaondoka yenyewe, siyo mimi niliyeifukuza."

Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyeifukuza. Aliona. Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama siku ya kwanza, akaniambia ukuta ule ulikuwa unatoka jasho misimu mitatu kabla sijafika katika kijiji chake, na kwamba upepo wangu ulikuwa wa siku moja. Kisha akamwagiza Roy apande amletee ufagio.

Nyumbani

Kurudi kulichukua siku sita, kwa sababu ya ukungu uleule na wali uleule wa Dante. Nilimkuta mama Kambarage anapanda mtama mahali pa mahindi. Aliniuliza kama nimeizuia, nikamwambia ukweli, akasema sawa, nishike jembe.

Wiki iliyopita Marta alinitumia ujumbe. Roy na wenzake wamepata nyangumi mwingine, mkubwa. Kabla nyama haijashushwa, Aana aliingia ghalani peke yake kufagia, akakaa chini muda mrefu mpaka walio juu wakaanza kuogopa. Alipopanda, magoti yamejaa tope, alisema sakafu bado ngumu, leteni.

Mnaniuliza kama kazi ilifanikiwa. Nyama ya mwaka huu imelala mahali pa baridi, chini ya matimba yangu. Ya mwakani sijui. Aana naye hajui, lakini atafagia.